Tuitue Lumbesa ya Deni Mabegani mwa Vijana

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ilizaliwa zama ambazo mkopaji hakuwa na budi kutoka nyumbani kwake, kwenda kwa mwenye mali, kuamkia, kuketi, kueleza shida yake na kungoja jibu. Katika mwendo ule alipata nafasi ya kujiuliza mara mbili tatu: Je, shida hii yahitaji mkopo kweli? Nitalipa kwa fedha gani? Haya ya kuomba ilikuwa mlinzi wa mfuko wake. Siku hizi mlinzi huyo ameondoka. Kijana hukopa usiku wa manane akiwa amejifunika blanketi, bila kumwamkia mtu yeyote. Harusi huisha kwa dakika moja, na matanga huendelea miezi na miezi.

Mkopo tunaotaka kuuzungumza leo huitwa ovadrafti. Maana yake ni ruhusa apewayo mtu ya kutoa au kulipa fedha nyingi kuliko zile alizo nazo katika akaunti yake, kisha kiasi kilichozidi kikawa deni lenye gharama. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara wakubwa, watu wa vitabu vya hundi na mazungumzo ya faragha na meneja wa benki. Leo imeshuka hadi kwenye simu ya mwalimu mpya, ya dereva wa bodaboda, ya kibarua wa kiwanda cha mbao na ya msichana mwenye kibanda cha mboga. Kushuka huko si jambo baya kwa lenyewe. Lakini kitu kilichoshuka hadi kwa watu wengi chapasa kutazamwa na watu wengi, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

HALI ILIVYO TANDALA

Tuichukue Tandala iwe mfano wetu. Tandala ni kata katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, nchi ya Wakinga, nchi ya milima na baridi kali. Watu wake hulima viazi mviringo, ngano na pareto, hupanda misitu ya mipaini kwa ajili ya mbao, na Wakinga tangu zamani wamesifika kwa bidii yao katika biashara, hata ukiwatafuta madukani Mbeya, Makambako au Kariakoo utawakuta. Hapo Tandala pana chuo cha ualimu, na si mbali napo ipo Hospitali ya Ikonda. Kwa hiyo katika kata moja twawakuta wakulima, walimu, wauguzi, wanafunzi, wachuuzi na waendesha pikipiki: yaani karibu kila aina ya kijana wa Tanzania ya leo.

Jambo la kwanza la kutazama mahali kama hapo ni majira ya fedha. Mshahara wa mwalimu hufika mara moja kwa mwezi. Fedha ya viazi hufika wakati wa mavuno, tena hutegemea bei atakayoitaja mnunuzi mwenye lori. Maua ya pareto huchumwa na kukaushwa kidogo kidogo katika msimu wake, kisha huuzwa kwa ajili ya kiwanda cha Mafinga. Mpaini hungoja miaka mingi kabla ya kukatwa. Dereva wa bodaboda yeye hupata kila siku, lakini kila siku hiyo hiyo hudaiwa hesabu na mwenye pikipiki. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye fedha yake huja sawasawa na siku za mkopo wa simu, ambao mara nyingi hutakiwa kulipwa ndani ya mwezi mmoja au pungufu yake. Mti hungoja miaka, shamba hungoja miezi, deni hungoja siku. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, na anayelizungumzia deni la vijana bila kulitaja jambo hili, anawalaumu bure.

NJIA TULIYOPITA

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chini ya ukoloni, sheria ya mwaka 1923 katika Tanganyika ilizuia mikopo ambayo Mwafrika angeweza kupewa na mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika. Ilisemwa kuwa ni kumlinda. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwananchi alikaa nje ya mlango wa benki akiwatazama wengine wakiingia. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu tena mabenki ya watu binafsi. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza hapa nchini, na mtu wa kijijini asiyekuwa na tawi la benki karibu naye akapata mahali pa kuweka na kutuma fedha. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa, iliyomwezesha mteja kuweka akiba na kukopa kwa simu.

Baada ya hapo ikaja ovadrafti yenyewe ya simu. Nchini Kenya, Safaricom pamoja na mabenki walianzisha huduma ya Fuliza Januari 2019. Hapa kwetu Vodacom ikaleta Songesha. Namna ya kufanya kazi ni rahisi kueleza. Mtu ataka kulipa shilingi 20,000, na katika simu yake zimo 12,000. Zamani angeambiwa salio halitoshi, na mambo yangekwisha. Sasa huulizwa kama ataka kukamilishiwa. Akikubali, 8,000 huongezwa na malipo hupita. Tangu hapo gharama huanza kuhesabiwa, na fedha yoyote itakayoingia baadaye katika simu ile hukatwa kwanza deni, kabla mwenye simu hajaigusa.

Tuyatazame majina haya, kwa maana ni maneno yetu wenyewe ya Kiswahili. Kufuliza ni kuendelea pasipo kukoma. Kusongesha ni kusukuma mbele. Ni maneno matamu yenye harufu ya maendeleo. Lakini mtu aliyekopa huku hana mahali pa kulipia, kitu anachokisukuma mbele ni deni, na kitu kinachoendelea pasipo kukoma ni makato.

KWA NINI DENI HILI HUDANGANYA

Deni la kawaida lina sura. Ukikopa gunia la mbolea, gunia walitazama. Ukikopa kwa jirani, jirani wakutana naye njiani. Ovadrafti haina sura. Hujifanya salio. Mtu huzoea kuiona ile idadi ya juu anayoruhusiwa kukopa kana kwamba ni sehemu ya mapato yake, na mwenye mshahara wa 300,000 akiruhusiwa 60,000 hujihesabia kuwa ana 360,000. Huo ndio udanganyifu mkubwa wa jambo hili, na hauhitaji mtu mwovu wa kuuendesha. Moyo wa mkopaji mwenyewe hutosha.

Sisi twasema, deni hili lafanana sana na lumbesa. Mkulima wa viazi wa Makete aijua lumbesa kuliko mwalimu yeyote wa hesabu. Ni gunia lililojazwa, kisha likaongezwa nundu juu ya mdomo wake na kushonwa kwa kamba, huku bei ikibaki ile ile ya gunia moja. Sheria ya vipimo huikataza na kuweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, lakini mwenye shida ya fedha hufunga macho na kuuza. Basi ovadrafti isiyotunzwa ni lumbesa ya mshahara. Kijana hufanya kazi mwezi mmoja, lakini hubeba mwezi mmoja na nundu ya mwezi uliopita.

HESABU YA NUNDU

Na tuifanye hesabu hadharani, ili asiwepo wa kusema kwamba twatisha watu kwa maneno matupu. Huu ni mfano tu, wala si bei ya kampuni yoyote.

Tuseme kijana hupata 300,000 kwa mwezi na hutumia zote. Mwezi mmoja msiba wamfika, naye apungukiwa 40,000. Achukua ovadrafti, na gharama zake zote kwa mwezi ni shilingi 10 katika kila 100. Siku ya mshahara ifikapo, deni ni 44,000, nalo lakatwa. Mkononi zabaki 256,000. Lakini matumizi yake ni yale yale 300,000. Afanyeje? Akopa tena 44,000 ili aufikie mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili akatwa 48,400. Mwezi wa tatu, 53,240. Kijana huyu hajanunua kitu kipya, hajalewa, wala hajacheza kamari. Ameendelea kuishi vile vile alivyokuwa akiishi. Lakini ukihesabu hadi siku ya mshahara wa kumi na mbili, utakuta kwamba ule msiba wa 40,000 umekuwa deni la 125,537.

Sasa tumtazame mwenzake aliyepatwa na jambo lile lile. Yeye, tangu mwezi wa kwanza, aamua kupunguza matumizi yake kwa 15,000 kila mwezi. Siku ya kwanza ya mshahara akatwa 44,000, akopa tena 29,000 tu. Siku ya pili akatwa 31,900, akopa 16,900. Siku ya tatu akatwa 18,590, akopa 3,590. Siku ya nne akatwa 3,949, na baada ya matumizi yake yabaki 11,051 ambayo ni mali yake halisi. Gharama zote alizolipa hazikufika 9,000. Kwa miezi minne amekuwa mtu huru.

Na yule wa kwanza, akiamka mwishoni mwa mwaka na kuanza kupunguza 15,000 ile ile, atakuta nini? Kati ya hizo 15,000, gharama ya mwezi humeza 11,054, na deni lenyewe hupungua kwa 3,946 tu. Jasho ni lile lile na nia ni ile ile, lakini ameanza wakati ambapo deni limekuwa na nguvu karibu sawa na zake. Likipita hapo, hata akijinyima, deni litaongezeka. Kwa hiyo usemi wa kwamba dawa ya deni ni kulipa ni kweli, lakini haujakamilika. Dawa ya deni ni kulipa mapema.

Kenya yatupa mfano wa bei halisi. Kabla ya Oktoba 2022, aliyekopa kwa Fuliza shilingi za huko kati ya 501 na 1,000 alitozwa shilingi 10 kila siku. Kwa siku thelathini hizo ni 300, yaani mwenye kukopa 1,000 alitozwa karibu theluthi ya mkopo wake kwa mwezi mmoja. Malalamiko yakawa mengi, nayo yakaingia katika siasa. Tozo hiyo ikashushwa hadi shilingi 6 kwa siku, na siku tatu za kwanza zikawa bure kwa mikopo isiyozidi 1,000. Twajifunza hapo mambo mawili: kwamba tozo iliyoonekana ndogo kwa siku ilikuwa kubwa kwa mwezi, na kwamba bei ya mkopo si amri ya mbinguni. Watu wakisema, yaweza kushuka.

WASIOKUWA NA LESENI

Zaidi ya ovadrafti ya makampuni yanayojulikana, wako wakopeshaji wa namna nyingine, ambao wananchi wamewapa jina lao: kausha damu. Wengine hukaa mitaani na daftari na kadi za benki za wadaiwa wao. Wengine huishi ndani ya simu kwa njia ya programu. Kijana aliyebanwa na ovadrafti huwakimbilia hawa ili alipe kule, na hivyo kutoka katika tope na kuingia katika kisima.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Katika daraja la pili wamo wakopeshaji wasiopokea amana, nao hutakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu na kutotoza riba ya zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijiti, na Novemba mwaka huo ikatangaza kuyapiga marufuku majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Moja ya malalamiko makubwa ilikuwa desturi ya kuchukua majina yaliyomo katika simu ya mkopaji na kuwapigia wazazi, wakwe na wakuu wake wa kazi ili kumwaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo pia kwa ajili ya mambo kama hayo. Deni la mtu si tangazo la mnadani.

Hata hivyo sheria njema yahitaji macho ya wananchi. Riba ikizuiliwa mlangoni, huweza kuingia dirishani kwa jina la ada, la gharama ya huduma au la faini ya kuchelewa. Kwa hiyo mkopaji asiulize tu, riba ni kiasi gani? Aulize: nikichukua 40,000 leo, siku fulani nitarudisha shilingi ngapi zote pamoja? Mkopeshaji asiyeweza kulijibu swali hilo kwa tarakimu moja hafai kukopeshana naye.

THELUTHI YA MFANYAKAZI

Wafanyakazi wenzetu wa umma waijua kanuni ya theluthi: kwamba makato yote yakiisha, mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Ni kanuni ya hekima. Iliwekwa ili mtu asifike kazini akiwa mtumwa wa madeni yake. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kwa kanuni hiyo, mwenye 500,000 habakishiwi chini ya 166,666.

Lakini kanuni hiyo hulinda yale yanayopita katika orodha ya mishahara. Ovadrafti ya simu na mikopo ya programu haipiti huko. Hungoja mshahara ufike, kisha huukamata mlangoni. Hivyo mwalimu kijana aliyekwisha kukatwa hadi ukomo kwa mkopo mrefu wa benki, akiongeza na ovadrafti, huikopa theluthi yake mwenyewe, ile iliyowekewa ukuta wa kumlinda. Ukuta upo, lakini yeye ameufungua kwa ndani. Kila mtumishi na autafakari ukweli huu: theluthi ile ni chakula chako, si dhamana yako.

JINSI YA KULIPA

Kwa kijana ambaye tayari amo ndani ya deni, hatuna nia ya kumpigia kelele. Mtu aliyetumbukia hahitaji hotuba juu ya kina cha maji. Ahitaji kamba. Haya ndiyo tunayoyaona kuwa kamba.

Kwanza, ayaandike madeni yote katika karatasi moja: anadaiwa na nani, kiasi gani, lini, na kwa gharama gani. Wengi huogopa kufanya hivyo, na katika woga huo deni hunenepa. Pili, aache kuongeza. Huduma ya ovadrafti ni ya hiari, na mtu akishalipa aweza kuomba kujiondoa. Tatu, alipe kwanza deni lenye gharama kubwa kuliko yote, hata kama ndilo dogo, maana hilo ndilo linalozaa haraka. Nne, aende kwa mdai kabla ya siku ya kulipa, wala si baada yake, aeleze hali yake na kuomba kupangiwa upya. Anayekuja mapema huonekana mwaminifu. Anayezima simu huonekana mwizi, hata kama si mwizi. Tena habari za wakopaji siku hizi huhifadhiwa katika taasisi za taarifa za mikopo, na jina lililochafuka kwa 20,000 leo laweza kumnyima mtu mkopo wa shamba kesho.

Tano, asilipe deni kwa deni, isipokuwa kwa sharti moja tu: mkopo mpya uwe wa gharama ndogo zaidi, ulifunge lile la zamani lote, na mlango wa zamani ukomewe. Mwanachama wa SACCOS aweza kufanya hivyo. Katika SACCOS, faida ya mkopo hurudi kwa wanachama, na wanaokuamulia mkopo ni watu wanaojua viazi vyako vitakomaa lini. Ndiyo maana mkopo wa ushirika huweza kufuata mavuno, na mkopo wa simu hauwezi.

Kwa mkulima na mchuuzi twaongeza neno moja. Usikopee mbegu na mbolea kwa mkopo wa siku thelathini. Utalazimika kuvuna viazi vichanga au kuviuza kwa lumbesa ili uiwahi siku ya kulipa, na hapo utakuwa umepata hasara mara mbili, kwa mkopeshaji na kwa mlanguzi. Vile vile usimkate mpaini mchanga kwa ajili ya deni la simu. Mti uliongojewa kwa miaka ukiuzwa kwa shida ya wiki moja, aliyenufaika si wewe.

Wako watakaotuuliza: Je, ovadrafti haina faida kabisa? Twajibu, inayo. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku, aliyepungukiwa nauli ya kufika hospitali, akikamilishiwa 8,000 amesaidiwa kweli, na gharama ya siku chache si kitu mbele ya uhai wa mtoto. Huo ndio wakati wake: dharura ndogo, ya kweli, na fedha ya kulipia ipo njiani nawe waijua siku yake. Kosa huja pale dharura inapogeuzwa kuwa desturi, mtu akakopea soda, bando la simu, kamari ya mpira na nguo ya sherehe. Kisha siku mtoto augua, akakuta mlango umefungwa kwa sababu kiasi chote kimekwisha kuchukuliwa. Aliyeila akiba ya dharura siku ya raha hana wa kumlalamikia siku ya shida.

WAJIBU WETU SOTE

Hata hivyo, hatukubali kwamba mzigo huu ni wa vijana peke yao. Mwajiri anayechelewesha mishahara hufanya kazi ya wakala wa kausha damu bila kulipwa. Kibarua wa mbao akicheleweshewa ujira wake wiki tatu, ataishi kwa kitu gani isipokuwa kwa kukopa? Gharama ya mkopo ule ni sehemu ya ujira iliyopotea, na aliyeipoteza ni mwajiri. Vyama vya wafanyakazi havina budi kulibeba jambo hili katika mikutano yao kama vinavyoibeba hoja ya nyongeza, kwa sababu nyongeza inayomezwa na makato siku ile ile inapoingia si nyongeza ya mfanyakazi.

Halmashauri zetu nazo zina chombo mkononi. Sheria yazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro nyingi, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wanachama na wafanyakazi wafuatilie: fedha hiyo imetengwa? Imewafikia vijana wa kata kama Tandala, au imeishia mjini kwa wenye kujuana? Kijana aliyekosa mkopo usio na riba katika ofisi ya umma ndiye mteja wa kesho wa mkopo wenye riba ya kutisha. Na ile Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025 itapimwa kwa jambo hili hili: itawafikia wavuna pareto wa milimani au haitawafikia?

Matawi yetu yaweza kufanya jambo lisilohitaji senti moja. Waitwe vijana, aletwe mwalimu wa hesabu au mhasibu wa SACCOS, na hesabu kama ile tuliyoifanya hapa ifanyike ubaoni mbele ya wote. Wazee waje pia, maana wao ndio waliokwenda mbali kutafuta kazi na mitaji zama ambazo hapakuwa na simu ya kukamilishia, nao wajua jinsi duka linavyoanza kwa sanduku moja la sabuni. Deni hupenda giza. Likizungumzwa hadharani, pasipo kebehi, nusu ya nguvu zake hupotea.

Mkulima wa Makete amepigania kwa miaka haki ya kuuza gunia lake kwa mizani. Hapana shaka ni haki ya kweli: gunia liwe gunia, na nundu ilipwe au iondolewe. Na mfanyakazi kijana naye adai na ajidai hivyo hivyo, kwamba mwezi wake uwe mwezi mmoja. Mshahara ukifika, umkute mwenyewe akiungoja, usimkute mdai ameketi mlangoni. Aanze na hiyo 15,000 ya mwezi huu, kabla nundu haijashonwa.